"Si uko nyumbani?" Kazi ya mshahara ndani ya nyumba yenye watu

Mwanzisha uzi, Mkomani, Lamu

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Lamu, Malindi na kwengineko. Nina jambo ambalo nimekaa nalo muda mrefu na leo nataka tulijadili kwa utulivu, kwa kuwa najua wengi wetu sasa tunafanya kazi za mshahara tukiwa majumbani mwetu.

Mimi ni mtunza hesabu wa kampuni iliyo Mombasa. Hadi Machi 2020 nilikuwa nikiishi huko na mtoto wetu mdogo, ilhali mume wangu, anayevusha abiria kwa boti kati ya Mokowe na mjini, alibaki hapa Lamu na binti yetu mkubwa. Serikali ilipotangaza Machi 15 kwamba shule zifungwe na waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani inapowezekana, nilifunga mizigo nikaja, na majuma machache baadaye njia za kutoka Mombasa zikafungwa. Ugonjwa wa korona ulipotulia, kampuni iliona kwamba hesabu zake bado zinafungwa kwa wakati kila mwezi, ikaniambia nibaki nilipo. Basi nisieleweke vibaya katika haya nitakayoyasema: kazi hii ya nyumbani ndiyo iliyoturudisha sote wanne chini ya dari moja, na ninaitetea kwa moyo wangu wote.

Hata hivyo kuna swali lililonichosha kuliko hesabu zenyewe, nalo ni hili: "Si uko nyumbani?" Jirani akitaka mtu wa kumpokelea mtungi wa gesi, si niko nyumbani? Wifi yangu akiwa na miadi hospitali na mtoto wake hana pa kuachwa, si niko nyumbani? Mgeni amefika kutoka Pate bila taarifa, nazi hazijakunwa, fundi wa bomba anataka kufunguliwa mlango, na kila mmoja anakuja kwangu kwa nia njema kabisa. Siwalaumu. Katika mji huu kazi ina dalili zake: seremala husikika, mvuvi hunuka bahari, mchukuzi ana punda mbele yake. Mtu aliyeketi kimya akitazama kioo cha kompyuta hana dalili hata moja, na akisema amechoka, wenziwe hutafuta alichokifanya wasikione.

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo ni watu wa nyumbani. Aliyenifumbua macho ni marehemu nyanya yangu, ambaye alishona kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa matundu madogo madogo, maisha yake yote. Kofia moja ilimchukua miezi, tundu baada ya tundu, na fedha zake zilisomesha watoto. Lakini sikusikia hata siku moja mtu akisema kwamba nyanya anafanya kazi, wala yeye hakuwahi kumfukuza mtoto aliyemjia. Alikuwa akichomeka sindano kwenye kitambaa, anaweka kofia chini, anaonja mchuzi, anaamua ugomvi wa wajukuu, kisha anairudia kofia kwenye tundu lilelile aliloliacha. Mimi nilipojaribu kufanya kazi yangu kwa namna hiyo nilishindwa kwa karibu miaka miwili, nikajiona mama mbaya na mfanyakazi mbaya kwa wakati mmoja, hadi nilipokumbuka jambo hili la sindano. Nikachukua daftari, nikaandika kila ninachokifanya kwa juma zima, nikakiuliza kimoja kimoja: hiki kinawekeka chini kama kofia, au hakiwekeki?

Kuingiza risiti vitabuni kunawekeka chini. Kujibu barua pepe kunawekeka. Kulinganisha taarifa ya benki na vitabu vyetu hakuwekeki, maana ukikatizwa katikati ya safu unaanza upya, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Mkutano wa video hauwekeki hata kidogo. Marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya kila mwezi, yanawekeka tarehe 12 na hayawekeki tarehe 19. Nilipojumlisha, saa zisizowekeka hazikuzidi tatu kwa siku ya kawaida. Nilikuwa nikiwagombeza watoto kwa saa nane nzima kwa ajili ya saa tatu, na bado hizo tatu nilikuwa sizipati.

Basi ikawa kazi ni kuzitafutia saa hizo mahali pake. Wanaozijua nyumba za mawe za Mkomani wanajua zilivyopangwa: daka la nje, yaani kibaraza cha mlangoni, tekani ya kuingilia, kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana, chumba kirefu cha kupitia, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho chumba kiitwacho ndani, na kadiri unavyozidi kuingia ndivyo faragha inavyozidi. Niliweka meza katika hicho chumba cha ndani, kwa kuwa ndipo penye utulivu. Lakini kuta za matumbawe na chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita, huyamaliza mawimbi ya waifai, na sauti yangu ikawa inakatika mikutanoni. Nikahamia msanani. Pale mtandao ulifika, na kila mtu pia alifika, kwani msana ndio njia ya wote. Ni mama mkwe wangu aliyeniambia, bila ya mimi kumuuliza, "Mwanangu, mbona hupandi sabule?"

Kwa wasioijua, sabule ni chumba cha wageni cha juu, chenye ngazi yake karibu na mlango wa kuingilia. Wafanyabiashara waliokuja na majahazi wakati wa kaskazi walilazwa humo, wakapanga shughuli zao wakiwa ndani ya nyumba bila ya kuwa ndani ya familia. Yetu ilikuwa imejaa magodoro na nyavu kuukuu. Tuliisafisha, ruta ikafungwa humo, na sasa kila mtu anajua kwamba nikipanda ile ngazi saa mbili na nusu asubuhi nimesafiri, na kwamba nitarudi saa tano na nusu. Baada ya hapo nashuka kiwandani na zile kazi za kuwekeka, na anayetaka kuja na aje. Mwezi wa Ramadhani tunabadilisha, kwa sababu baada ya alasiri jikoni hakuna asiyehitajika: kampuni imenikubalia nianze mara tu baada ya sala ya alfajiri, nimalize saa nane mchana.

Ningependa kusikia kwa wenzangu. Je, mgawanyo huu wa kazi unaowekeka na usiowekeka unaingia katika kazi zenu, au nimepata bahati ya kazi na bahati ya nyumba?

Mchangiaji, Maweni, Malindi

Waaleikum salaam, dada. Nimeisoma habari ya nyanya yako mara mbili, Mungu amrehemu. Lakini kwa swali lako la mwisho, jibu langu ni kwamba umepata bahati zote mbili, na nalisema hili bila kinyongo.

Tunapanga vyumba viwili katika nyumba ya ukumbi wa kati, na vyumba vingine vinne vina wapangaji wao. Kazi yangu ni kujibu simu za wateja wa kampuni ya Marekani, nayo haiwekeki hata dakika moja. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi alasiri kwetu katika miezi ambayo wao wamesogeza saa mbele, tangu Machi hadi mwanzo wa Novemba, na ni saa kumi na moja jioni katika miezi iliyobaki. Kwa hiyo zamu yangu huisha saa sita usiku au saa saba. Watoto hutoka shule, hula, huenda chuoni, yaani madrasa, hurudi karibu na magharibi, nami nimekwisha kuvaa vipokea sauti na nimewapa mgongo. Asubuhi wakiondoka mimi ndio kwanza niko katika usingizi. Niko nyumbani siku nzima na usiku kucha, na mwanangu wa miaka 6 alimwambia mwalimu wake kwamba baba yake yuko safarini.

Anayeumia zaidi ni mke wangu. Yeye hukaanga viazi karai na kuuza dirishani jioni, yaani saa zilezile, na juu ya biashara yake amegeuka kuwa mlinzi wa kimya changu. Huwazuia watoto wasicheke, huwaomba wapangaji wapunguze redio, huwaonyesha wateja kwa kidole kwamba waseme polepole. Ukiniuliza ni nani aliyeajiriwa na kampuni ile, nitakwambia ni sisi wawili, na analipwa mmoja.

Kuna utafiti ambao wakubwa wetu hupenda kuutaja, uliofanywa na Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake katika kampuni ya usafiri ya Ctrip, mjini Shanghai, mwaka 2010 na 2011. Wafanyakazi wa kituo cha simu waliojitolea waligawanywa kwa tarehe zao za kuzaliwa, za shufwa upande huu na za witiri upande ule; kundi moja likafanya kazi nyumbani siku nne kwa juma kwa muda wa miezi tisa, na utendaji wake ukapanda kwa asilimia 13. Tarakimu hiyo tumeambiwa mara nyingi. Hatukuambiwa kwamba sharti mojawapo la kujiunga lilikuwa mtu awe na chumba chake cha kufanyia kazi, wala kwamba baadaye, wafanyakazi walipopewa hiari, karibu nusu ya wale waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini, na upweke ukiwa sababu kubwa. Mimi chumba sina, na upweke ninao. Zamani baada ya isha nilikuwa na wenzangu barazani. Sasa baraza ile naisikia tu kupitia dirishani.

Mchangiaji, Langoni, Lamu

Wanangu, nimepita miaka 70 na kazi yangu ilikuwa kuchonga milango. Karakana yangu ilikuwa hapa hapa nyumbani, na wanangu watano wamekulia kwenye vumbi la mbao. Niruhusuni niseme mambo mawili ambayo sikuyaona hapo juu.

La kwanza linamhusu binti yetu wa Mkomani. Umeeleza vizuri sana, lakini katika maelezo yote hayo nimemwona mama mkwe, nimemwona jirani, nimemwona wifi, na mumeo nimemwona kwenye boti tu. Boti hulala gatini usiku. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani kwake, naye akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani, na ukifika wakati wa sala alitoka kwenda kusali. Nasi wanaume wa mji huu tunaijua hadithi hii, tunaisoma misikitini, na tukirudi nyumbani tunauliza chai iko wapi.

La pili ni juu ya watoto. Nyote wawili mnawazungumza kama kelele ya kuzuiwa. Wanangu hawakuwahi kunikatiza kwa sababu walikuwa na nafasi yao katika kazi ile: mdogo alikusanya maranda, wa pili alinoa patasi, mkubwa alishika upande wa pili wa ubao. Waliijua kazi ilipo ngumu na ilipo nyepesi, na nilipokuwa nachonga ua la katikati hakuna aliyenisemesha, si kwa amri, bali kwa kuwa waliona kwamba mkono ukiteleza ubao umeharibika. Hiyo kompyuta yenu mtoto anaiona kioo tu. Kaka wa Malindi, je, mwanao amewahi kusikia mtu akikupigia? Anajua anayepiga anataka nini?

Mchangiaji, Shela, Lamu

Nitakuwa mfupi kwa sababu mtoto amelala na sijui kwa muda gani. Nina mtoto wa miezi mitano. Nilipojifungua, mwajiri wangu aliniambia kwamba kwa kuwa kazi yangu ni ya nyumbani, haitakuwa vibaya nikijibu ujumbe mmoja mmoja katika likizo ya uzazi. Ujumbe mmoja ulikuwa kumi kabla ya arobaini kwisha. Sikujua kama nina haki ya kukataa, na hata sasa naona haya kuuliza, kwa maana nilikuwa kweli nimekaa tu nyumbani. Dada mwanzisha uzi, sheria inasemaje?

Mwanzisha uzi, Mkomani, Lamu

Dada wa Shela, kwanza hongera ya mtoto, Mwenyezi Mungu amkuze. Na hilo neno "nimekaa tu nyumbani" naomba usilirudie, wewe uliyekuwa unanyonyesha usiku na mchana.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Inatoa pia siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku zisizopungua 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Katika vifungu hivyo sijaona panaposema kwamba haki hizi ni za yule anayepanda gari kwenda ofisini pekee. Likizo ni likizo hata kama meza ya kazi iko hatua tatu kutoka kitandani. Pia Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea katika eneo la kazi. Wewe eneo lako la kazi ni nyumbani, hivyo unachokihitaji ni muda, nao uuombe kwa maandishi, kwa adabu, ukitaja saa zenyewe.

Upande wa ujumbe wa usiku sheria yetu bado iko nyuma. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zijadiliane nao juu ya haki yao ya kuzima simu za kazi baada ya saa za kazi. Kwetu ulipelekwa mswada katika Seneti mwaka 2022, wa Seneta Samson Cherargei wa Nandi, wenye shabaha kama hiyo, lakini mswada si sheria, na dada wa Shela hawezi kuutegemea leo. Anachoweza kukitegemea ni barua yake ya ajira. Isome, uone saa zilizoandikwa, kisha uziheshimu wewe mwenyewe kabla ya kumtaka mwingine aziheshimu. Nami nasema hivi kwa kuwa niliwahi kujibu ujumbe wa saa nne usiku kwa mwaka mzima, na kila nilipojibu nilikuwa ninamfundisha mkubwa wangu kwamba niko macho.

Sasa nikujie wewe, mzee wangu wa Langoni. Umeniona. Nilikuwa nimemficha mume wangu katika maelezo yale kwa sababu jambo lenyewe hatukuwa tumelimaliza. Usiku ule nilimsomea ulichoandika, neno kwa neno. Hakukasirika. Aliniambia kwamba hakuwa akijua zile saa tatu za sabule zinaisha wakati gani, kwa hiyo alikuwa akinikuta kiwandani na kompyuta pajani, akadhani nimemaliza. Yaani hata yeye, ambaye mshahara wangu unamlipia mafuta ya boti mwezi wa Mei na Juni wakati kusi limechachamaa na abiria ni wachache, hakuwa akiiona kazi yangu nikiwa nje ya sabule. Kosa nalichukua mimi nusu. Nilikuwa nimewaonyesha saa za kupanda ngazi, nikaacha saa tano nyingine zionekane kama mapumziko. Tumekubaliana kwamba chakula cha usiku na masomo ya binti yetu ni vyake kuanzia jumapili hadi jumatano, siku ambazo boti hurudi mapema, na kwamba jirani akija kuuliza kama niko nyumbani, atakayejibu ni yeye.

Ndugu wa Maweni, kwako sina sabule ya kukupa na sitajifanya ninayo. Naona tu kwamba kazi isiyowekeka kabisa inadai ama chumba ama saa nyingine, na kwamba kimya cha mkeo kina bei ambayo haimo katika hesabu yoyote ya kampuni. Je, zamu yako ina mapumziko ya chakula? Ni nani aliyechagua saa yake?

Mchangiaji, Maweni, Malindi

Dada, nilikaa siku kumi bila kujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa na kitu mkononi.

Mapumziko ninayo, saa moja kamili, na nilikuwa nikipewa saa tatu usiku, watoto wakiwa wamelala. Hakuna aliyeichagua saa ile. Ndivyo programu ya zamu ilivyoipanga, na miaka miwili sikuwahi kuuliza. Nilimwandikia msimamizi wangu nikamwomba aisogeze hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, nikamweleza kwamba ndio wakati wa magharibi na ndio wakati watoto wangu wanarudi kutoka chuoni. Alijibu siku ileile kwamba hana pingamizi. Sasa nasali na wanangu msikiti wa jirani, tunarudi, tunakula pamoja, na mke wangu anauza viazi vyake kwa sauti yake ya kawaida kwa saa nzima. Chumba bado sina. Mwenye nyumba amesema kile chumba cha mwisho cha ukumbini kikiwa kitupu mwakani atanipa kwa bei tutakayozungumza, na tumeanza kuweka akiba.

Mzee wa Langoni, shikamoo. Nilifanya ulivyosema. Kwa kuwa simu za wateja ni siri yao, sikuweza kumsikilizisha mtoto mazungumzo ya mtu, lakini nilimketisha mapajani kabla ya zamu, nikamwonyesha taa ya kijani inayowaka simu inapoingia, nikamfungulia ramani, nikamwambia kwamba huyu amepoteza mzigo wake na yuko mbali kiasi hiki, na kwamba kwake ni asubuhi. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza kama mtu huyo ana watoto. Tangu hapo, taa ile ikiwaka, yeye ndiye anayewaambia wadogo zake wanyamaze, na jana kabla ya magharibi nilimsikia ukumbini akimuuliza mama yake kama watu wa California wameshaamka.